MALENGO YA KUJIFUNZA UFUNDI WA KATUNI

Kalamu yangu leo inataka kueleza jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila Januari na kulisahau kabla ya likizo ya Aprili, nalo ni kujiwekea malengo. Nasema hasa malengo ya kujifunza ufundi huu mpya wa kutumia simu na tarakilishi kuunda vitu: katuni, muziki, video na kadhalika.

Ukiuliza darasani kwetu utasikia, "Mwaka huu lazima nijue tarakilishi." Vyema, lakini utatambuaje kwamba umeshajua? Lengo lisilo na kipimo halina mwisho. Sisi wa Kericho na Bomet tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wa kwingine. Mchumaji wa chai haamki akasema ati leo nitachuma sana. Anajua ni majani mawili na chipukizi, anajua jioni kuna mizani, na anajua kwamba baada ya wiki moja au mbili, kulingana na mvua, atarudi kwenye kichaka kile kile.

Mimi nilichagua uhuishaji, yaani kuzifanya picha zitembee. Njia iliyo rahisi kwa mwanafunzi wa kutwa asiye na tarakilishi nyumbani ni hii: unafinyanga mnyama mdogo wa udongo, unampiga picha kwa simu, unamsogeza kidogo tu, unapiga tena. Picha zikifuatana upesi, jicho hudanganyika likaona anatembea. Katika sinema, sekunde moja huwa na picha 24. Mafundi wengi wa katuni hutumia picha 12 tofauti, kila moja ikionyeshwa mara mbili, na mwendo bado unapendeza.

Basi tupige hesabu. Nataka katuni ya nusu dakika, sungura na kinyonga wakishindana, kuonyesha methali ya haraka haraka haina baraka. Sekunde 30 mara 12 ni picha 360. Simu ni ya mama, nami huipata Jumapili baada ya kanisa kwa muda wa saa moja hivi. Katika saa hiyo napiga picha 30, maana kinyonga ana miguu minne na yote lazima isogezwe. Kwa hivyo nahitaji Jumapili 12. Muhula wa pili una majuma kama 14, zinabaki mbili za kufidia homa au wageni. Hilo ndilo lengo, na limeandikwa nyuma ya daftari langu: tarehe upande huu, idadi ya picha upande ule. Angalia sasa mwenzangu anayesema ataanza na filamu ya dakika kumi! Hizo ni picha 7,200, na kwa mwendo wangu ni Jumapili 240. Atamaliza kidato cha nne kabla sungura hajafika mtoni.

Lengo hufuata pia mahali ulipo. Huku kwetu mawingu hujikusanya alasiri, na mwanga wa dirishani ukibadilika kati ya picha moja na nyingine, katuni huonekana kama taa inayopepesa. Dawa yake ni kufunga pazia na kutumia tochi moja isiyosogezwa. Simu nayo isishikwe mkononi. Ibane katikati ya matofali mawili. Picha moja kubwa yaweza kula megabaiti 3, basi punguza ukubwa kwanza kabla simu ya watu haijajaa. Kuna programu iitwayo Stop Motion Studio, inayokuonyesha kivuli cha picha iliyotangulia ili ujue umesogeza kiasi gani. Sauti sijaigusa. Nitaishughulikia muhula wa tatu, kwa sababu anayejifunza mwendo, sauti na rangi kwa pamoja huishia kuchanganyikiwa.

Je, kuna waliofika mbali kwa njia hii? Wapo. Kijana mmoja wa Latvia, Gints Zilbalodis, alianza na filamu fupi fupi. Kisha akatengeneza filamu ndefu iitwayo Away, iliyotoka 2019, peke yake, hata muziki akatunga mwenyewe, kwa miaka mitatu na nusu. Baada ya hapo ndipo alipokusanya watu wakafanya Flow, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka wa 2025. Flow ilitengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa hata senti. Na Blender yenyewe iliokolewa na lengo lenye hesabu: mwaka wa 2002 Ton Roosendaal wa Uholanzi aliomba watu wachange yuro 100,000 ili programu iwe ya wote, nazo zikapatikana kwa majuma saba. Karibu na sisi, Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili tangu 2014.

Mama aliniuliza, "Sasa hii itakusaidia nini, mwanangu?" Si swali la mzaha. Yeye ni mchumaji, analipwa kwa kilo, na tangu mashine za kuchuma ziongezeke siku zake za kazi zimepungua. Wasomaji wanakumbuka kwamba Mei 2023 waandamanaji walichoma baadhi ya mashine hizo Kericho. Siwezi kumwambia mama kwamba katuni italipa karo. Nilichoweza ni kumwonyesha sekunde tano, picha 60, za Jumapili mbili. Aliitazama mara tatu, akasema kinyonga anatembea kama kinyonga kweli, lakini sungura anateleza. Alikuwa amesema kweli, kwa hivyo lengo la Jumapili iliyofuata likawa miguu ya nyuma ya sungura.

Wakati wa mitihani nimepunguza hadi picha kumi, lakini siku ya Jumapili siiachi. Kichaka cha chai kisichochumwa hukomaa majani, kiwanda kikayakataa.

Sasa nina picha 210, na sungura ameanza kulala chini ya mti. Nikikamilisha 360 nitaileta chamani tuitazame. Anayejua mahali penye udongo mzuri usiopasuka aniambie; huu wa kwetu ukikauka masikio hukatika.