Sumu Isiyo na Jina

Tangazo la dawa ya kusafisha sumu mwilini halikosekani mjini, liwe limebandikwa kwenye nguzo ya umeme au linazunguka katika magrupu ya WhatsApp. Ukitaka kumtia muuzaji kigugumizi, muulize: sumu gani? Akijibu, mara nyingi atataja vyakula vya kisasa, maji ya bomba, vidonge vya hospitali, na siku hizi chanjo. Ini na figo, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuchuja damu na kutoa taka, hazitajwi.

Sumu ya kweli ina jina, ina kipimo na ina mahali ilipotoka. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Maabara ilitaja mkosaji, sumukuvu, na ikapima kiasi chake ndani ya nafaka. Hata dawa yake ilijulikana: kausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Hapakuhitajika adui aliyejificha.

Sumu isiyo na jina haipimiki, na kisichopimika hakikanushiki. Ukishaiamini, swali linalofuata linakuja lenyewe: nani kaiweka? Hapo ndipo duka la afya asilia linapopakana na nadharia za njama. Mwaka 2011 watafiti Charlotte Ward na David Voas waliandika kwamba makundi mawili yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali, watafutao nuru ya roho na wanaoshuku mipango ya siri ya wakubwa, yalikuwa yameanza kukutana. Msomi wa Marekani Michael Barkun alikuwa ameshaeleza nguzo 3 za fikra za njama: hakuna linalotokea kwa bahati, hakuna kitu kilicho kama kinavyoonekana, na kila kitu kimeunganika. Zisome polepole. Mwalimu wa yoga anaweza kuzitamka, mhubiri pia, na waumini wakaitikia bila kushtuka.

Kisa cha chanjo ya pepopunda nchini Kenya mwaka 2014 kinaonyesha vizuri mpaka huo wa afya na njama, ingawa safari hii sumu ilipewa jina. Maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ile ilikuwa na hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafanya wanawake wasizae. Walihoji kwa nini wachanjwe wanawake wa umri wa kuzaa peke yao. Swali halikuwa la kipuuzi, na jibu lipo: mama aliyechanjwa humpitishia mtoto kinga kupitia kondo la nyuma, na mtoto mchanga ndiye anayeuawa na pepopunda inayoingia kwa kitovu kilichokatwa na chombo kichafu. Shaka nayo ilikuwa na punje ya ukweli. Wanasayansi waliwahi kweli kufanya utafiti wa chanjo ya uzazi wa mpango iliyounganisha hCG na kiini cha chanjo ya pepopunda. Utafiti huo haukuwa siri. Matokeo yake yalichapishwa.

WHO na UNICEF walisema vipimo ambavyo maaskofu walivitegemea ni vya damu na mkojo, havifai kupima chanjo. Vichupa 3 vya chanjo vilivyodaiwa kuwa na homoni vyote vilitoka upande wa maaskofu. Vingine makumi havikuwa nayo. Waliokwisha kuamini wakasema vile safi vimeletwa baadaye kufuta ushahidi. Kipimo kikawa sehemu ya njama.

Moja ya sauti kubwa katika sakata hilo ilikuwa ya Dk. Stephen Karanja, daktari bingwa wa wanawake. Machi 2021, akiwa mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, alipinga chanjo ya korona na kupendekeza kujifukiza na kumeza vidonge vya hydroxychloroquine. Mvuke hulegeza kamasi na kumpa mgonjwa nafuu ya muda, na sioni ubaya wa nyungu kwa mafua, mradi mtu asijiunguze. Lakini mvuke hauwezi kuua virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya chembe hai za mapafu. Joto la kuviua lingeyaunguza mapafu yenyewe.

Safari hii maaskofu walimkana na kuiruhusu chanjo. Imani ilikuwa ileile ya 2014, basi wanaoilaumu dini moja kwa moja wana kazi ya kueleza. Dk. Karanja alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo. Kuhusu pepopunda, mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kwa wazazi na watoto wachanga, na wanawake waliochanjwa wameendelea kuzaa.