Diski Hairudishwi kwa Kukanyagwa Mgongo

Maswali ya wasomaji kuhusu "mshipa uliobanwa" yamezidi kumiminika, na mengi yanafanana: maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni na kushuka kama shoti ya umeme hadi unyayoni. Nimwone nani aufungue mshipa huo?

Tuanze na uzushi. Mshipa unaozungumziwa ni neva, si mshipa wa damu. Kuumikwa ili "kutoa damu chafu" hakuifikii neva iliyojificha penye uti wa mgongo. Sindano za vitamini B humfaa aliyepungukiwa na vitamini hiyo, haziondoi mgandamizo.

Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walieleza jinsi diski iliyo kati ya pingili inavyopasuka, ute wake ukatoka na kukandamiza neva. Ni kweli, ila mgandamizo pekee hautoshi kueleza maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa hata kwa watu wasioumwa mgongo, takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80 wana diski zilizotuna. Mbona hawaumwi?

Sehemu ya jibu ilitoka Sweden. Mwaka 1993 watafiti walichukua ute wa diski za nguruwe wakauweka juu ya neva za nguruwe haohao, bila kuzibana. Neva zikapunguza kasi ya kupitisha ishara. Kumbe ute wenyewe una kemikali zinazochochea uvimbe! Isitoshe, ukiwa ndani ya diski haufikiwi na mishipa ya damu, hivyo kinga ya mwili haiujui. Ukivuja, kinga huushambulia kama mgeni, na neva iliyo jirani huvimba, ikawa inauma hata kwa mguso mdogo.

Ajabu ni kwamba shambulio hilohilo ndilo tiba. Chembe za kinga huumeza ute uliovuja, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Ndiyo maana kipande kikubwa kilichochomoka kabisa mara nyingi husinyaa zaidi kuliko kivimbe kidogo kilichobaki ndani ya ganda la diski.

Sasa anayekukanyaga mgongo ili "kurudisha diski" anarudisha nini? Ule mlio unaousikia anapokukanyaga ni gesi ya kwenye maungio. Mwili unaponya, yeye anachukua pesa na sifa. Akikosea, mgonjwa anabaki na ulemavu. Huo ni utapeli.

La kufanya ni hili. Endelea kutembea kadiri uwezavyo. Utafiti wa Uholanzi wa 1999 ulionyesha kuwa kulala kitandani wiki 2 hakuleti nafuu zaidi. Tumia dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Upasuaji hufikiriwa maumivu yakigoma.

Ukifa ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yakiandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, pima kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hapo kila siku unayopoteza kwa mkandaji ni hatari.