Nguzo, Mhimili na Uvungu: Kutengeneza Nyumba za Zamani Zilizoinuliwa katika Usambara

Msomaji aliyezoea kuona katika kurasa hizi habari za methali na desturi huenda akastaajabu kukuta humu habari za mawe na mbao. Lakini neno na kazi ni ndugu. Mahali watu watumiapo neno lisilopasa, mara nyingi kazi nayo huharibika. Nataka kulionyesha jambo hilo kwa habari za nyumba za zamani zilizoinuliwa juu ya nguzo, zilizojengwa katika milima yetu ya Usambara na wageni waliokuja zamani za Wadachi.

Kwanza na tutazame namna tatu za kujenga. Wazee wa Kishambaa walichimbia miti ardhini, wakafunga fito, wakakandika udongo. Sakafu yao ilikuwa ardhi yenyewe iliyopigwa ikawa ngumu. Mti ulipooza chini, uling'olewa ukatiwa mwingine, nayo nyumba ikaendelea. Watu wa pwani walijenga kwa mawe na chokaa, ukuta wao ukisimama juu ya msingi mrefu, na juu yake wakalaza boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vyao vilikuwa vyembamba.

Namna ya tatu ilikuja na wageni. Watawa wa Trappist, waliotoka Mariannhill katika Afrika ya Kusini, walifika Gare mwaka 1897. Na Wadachi wa serikali walikaa Lushoto, ambayo waliiita Wilhelmsthal. Wazungu wa siku zile waliogopa unyevu wa ardhi, kwa hiyo baadhi ya nyumba walizojenga walizipa sakafu ya mbao isiyogusa udongo. Mbao hizo zalala juu ya boriti ndogo. Boriti ndogo zalala juu ya mihimili, yaani miti minene. Na mihimili yakaa juu ya nguzo fupi za mawe au matofali, kila moja peke yake. Katika mteremko, nguzo za upande wa bonde huwa ndefu kuliko za upande wa kilima. Nafasi iliyo chini ya sakafu naiita uvungu, kwa kuwa ni kama uvungu wa kitanda.

Sasa nije kwenye neno lililoniponza. Msingi, kwa asili, hutaja pia lile handaki lichimbwalo ili ukuta uanzie humo. Lakini nyumba niliyoieleza haina handaki lolote. Ina nguzo mbalimbali. Hata hivyo, ufa ukionekana ukutani au mlango ukikataa kufunga, sote twasema, "Msingi umekufa."

Mimi nilisema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika nyumba moja ya namna hii, na sakafu ya chumba cha watoto ilikuwa imeanza kulala upande. Nikamwita fundi mmoja, nikamwambia atengeneze msingi. Naye, kwa kulifuata neno langu, akachimba handaki refu kando ya safu nzima ya nguzo, akikusudia kumwaga zege. Kabla zege haijamwagwa, mvua ya masika ikanyesha usiku, handaki likajaa maji, na nguzo mbili zikainama. Sakafu ikashuka vidole vitatu, mlango wa chumba ukabanwa, na watoto walikuwa ndani. Tuliuvunja kwa shoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la ulimi wangu.

Asubuhi alikuja mzee mmoja seremala. Akaingia uvunguni na taa, akakaa kitambo, akatoka akasema, "Mwalimu, nyumba hii haina msingi, ina miguu. Mgonjwa akiumwa mguu mmoja, humchimbii shimo chini ya miguu yote." Mambo yafuatayo niliyajua kwa kumsaidia yeye, na kwa kuuliza mafundi wengine baadaye.

Jambo la kwanza ni maji. Mara nyingi nguzo hushuka kwa sababu maji ya paa huanguka karibu nayo na kuulainisha udongo. Na mhimili huoza kwa sababu uvungu hauna hewa. Basi kabla ya kugusa jiwe, tengeneza michirizi ya paa, chimba mfereji upande wa kilima upeleke maji mbali na nyumba, na zibua matundu ya hewa yaliyozibwa kwa takataka au kuku. Asiyefanya hivyo atatengeneza nguzo ileile kila mwaka.

La pili ni kupima. Chukua mpira mwembamba ulio wazi, ujaze maji. Maji ya ncha mbili hukaa sawa daima, nawe waweza kujua kila nguzo imeshuka kiasi gani. Andika hesabu hiyo karatasini. Kisha choma kila mhimili kwa kisu chenye ncha: kikizama kama katika ndizi mbivu, mti umeoza. Tazama pia njia za udongo zipandazo juu ya nguzo, nene kama penseli. Hizo ni njia za mchwa. Kuzifuta tu hakutoshi, kwa kuwa watazijenga tena. Hapana budi kuweka kipande cha bati kati ya nguzo na mhimili, kingo zake zikiinama nje, ili mchwa wakizunguka waonekane.

La tatu ni kutegemeza. Watu huudharau uzito. Ikiwa nguzo zimesimama mita 2 kutoka moja hata nyingine kila upande, nguzo ya katikati hubeba mita mraba 4 za sakafu. Tukikadiria kilo 200 kwa kila mita mraba, yaani mbao, watu na vyombo, tumepata kilo 800, sawa na magunia 8 ya mahindi ya kilo 100. Nguzo za pembeni huongezewa ukuta na paa. Kwa hiyo jeki isisimame juu ya udongo mtupu, bali juu ya mbao nene na pana zilizopandana. Na kando ya jeki pawe na egemeo jingine, ili jeki ikiteleza nyumba isimwangukie mtu. Mtu asiingie uvunguni peke yake, na watu wa nyumbani watoke.

La nne ni kuinua, na hapa ndipo haraka haina baraka. Nyumba iliyoshuka kwa miaka thelathini haipendi kurudishwa kwa siku moja, ukuta utapasuka. Inua milimita 3 kwa siku, usizidi. Kisha ngoja, sikiliza. Sakafu iliyoshuka milimita 30 yataka siku kumi au zaidi. Wala si lazima kufika sawa kabisa. Mlango ukifunga na ufa usipoongezeka, yatosha.

La tano ni nguzo yenyewe. Itengeneze moja, uimalize, kisha uende kwa nyingine isiyo jirani yake. Chimba mpaka udongo mgumu usiowahi kuguswa, shimo la sentimita 60 kila upande. Weka zege ya unene wa sentimita 20 hadi 30, uinyweshe maji kwa siku saba. Zege huhesabiwa kuwa imepata nguvu yake baada ya siku 28, basi usiiharakishe kuitwika mzigo. Mawe ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa yajengwe tena kwa chokaa, kwa maana saruji ngumu huyabana mawe laini hata yakabanduka.

La sita ni mhimili. Kipande kilichooza kikikatwa, kiungo kipya kikae juu ya nguzo, kamwe si katikati ya nguzo mbili. Wazee walipenda mwangati, ambao pengine huitwa mtarakwa, na mkulo. Lakini miti hiyo leo imelindwa katika misitu ya hifadhi, wala haikatwi pasipo idhini. Afadhali kutafuta mbao za nyumba zilizobomolewa. Mkaratusi mbichi haufai, kwa kuwa hujipinda ukikauka.

Twafundisha watoto ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika nyumba za namna hii yahitaji maelezo: ufa uko juu, na ugonjwa uko chini. Mwenye kuuziba ufa bila kuingia uvunguni ameficha dalili tu. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, tunapofundisha majina ya sehemu za nyumba, tusikusanye vyote katika neno msingi. Tuseme nguzo, tuseme mhimili, tuseme uvungu. Ili mtoto akija kuwa na nyumba yake, ajue amwambie fundi nini.