Ufa kwenye fremu ya kaboni: uendeshe, utengeneze au uache?

Mnunuzi wa baiskeli ya kaboni iliyotumika huuliza gia, uzito na aina ya breki. Ufa huuona baadaye, akishalipa, siku anapoiosha na kukuta mstari mwembamba chini ya vanishi, karibu na krenki au pale siti inapobanwa. Hapo ndipo ushauri unapomiminika: mmoja anamwambia ni rangi tu, mwingine anamwambia aitupe. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Tofauti ya majibu hayo mawili ni fedha nyingi, na kwa mtu anayeteremka Mai Mahiu kwa kasi, ni meno na mfupa wa bega pia.

Kaboni haiharibiki kama chuma. Bomba la chuma likizidiwa hupinda, na mara nyingi mwendeshaji huona fremu imekaa upande kabla haijakatika. Fremu ya kaboni ni matabaka ya nyuzi yaliyoshikamanishwa kwa gundi ya epoksi. Matabaka yakiachana ndani, nje panaweza kubaki panameta, huku nyuzi zilizobaki zikiendelea kubeba uzito mpaka siku ya shimo au tuta. Hata hivyo nyuzi hizo hazichoki upesi. Majaribio ya kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 huikandamiza fremu kwa nguvu za pedali mara 100,000, nayo inatakiwa itoke bila ufa. Kwa hiyo umri peke yake si ugonjwa. Kinachoiua fremu ya zamani ni kugongwa, kubanwa kupita kiasi, na kutu ya vipande vya aluminiamu vilivyogundishwa humo.

Katika kuikagua, anza na mahali ufa ulipo. Urefu wake utakuja baadaye. Rangi na puti ya kusawazisha viungo huvunjika kirahisi kuliko kaboni iliyo chini yake, kwa hiyo hupasuka kwanza kwenye kona za mabomba. Ufa wa namna hiyo hufuata kiungo, kingo zake ziko sawa, na ukucha hupita juu yake karibu bila kukwama. Ufa wa kaboni yenyewe hukata bomba kwa upande, au huanzia kwenye alama ya kugongwa na kutawanyika. Ukingo mmoja huwa umeinuka, na ukibonyeza kwa kidole gumba panabonyea au panalia. Ule unaoshuka wima kutoka pale siti inapobanwa mara nyingi ni kazi ya fundi aliyekaza bolti bila kipimo. Bolti hiyo kwa kawaida inataka nyutonimita 5 hivi, ambazo ni kidogo kuliko mkono wenye nguvu unavyodhani.

Kisha chukua sarafu, ugonge polepole kuelekea kwenye ufa. Kaboni nzima hutoa sauti kali. Iliyoachana ndani hufifia ghafla, kama kadibodi. Unene wa bomba nao hubadilisha sauti, kwa hiyo linganisha na sehemu ileile ya upande wa pili, bomba la kushoto kwa la kulia. Pitisha pamba juu ya mstari: ikinasa, kuna nyuzi zilizokatika. Bado una shaka? Lowesha msasa laini, wa namba 400, uondoe rangi eneo la ukubwa wa ukucha, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi la kaboni si la kuvuta. Mstari ukiisha pamoja na rangi, umepata jibu. Ukiendelea ndani ya weusi, weka baiskeli chini.

Kundi linalohitaji macho makali zaidi ni la fremu za mwanzo. Greg LeMond aliposhinda Tour de France mwaka 1986 alikuwa juu ya Look yenye mabomba ya kaboni yaliyogundishwa kwenye viungo vya aluminiamu, na mtindo huo uliendelea hadi miaka ya 1990. Kaboni na aluminiamu zikigusana penye chumvi na unyevu, aluminiamu huliwa. Jasho peke yake linatosha, na hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja huongeza. Rangi huvimba, kisha hutokea mstari unaozunguka bomba lote pale linapoingia kwenye kiungo, na baiskeli huanza kulia ukisimama kwenye pedali. Hiyo ni gundi inayoachia. Fremu ya hivyo itundike ukutani, kwa sababu kuitengeneza ni kuifumua kiungo kwa kiungo, na gharama yake hairudi.

Foki nayo haina mjadala. Shingo yake, ile inayopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani, ikiwa na ufa wowote, nunua foki nyingine. Fremu inayokatika nyuma pengine itakupa nafasi ya kusimama, foki haikupi.

Sasa bei. Ufa wa rangi unahitaji kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi, kuzuia maji, na alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, pamoja na tarehe. Ukivuka alama, anza ukaguzi upya.

Ufa wa kaboni katikati ya bomba unatengenezeka vizuri kabisa, na hapa ndipo fundi anapopaswa kuulizwa maswali. Anatumia kitambaa cha kaboni na epoksi, au nyuzi za kioo na resini ya poliesta kama ya bampa na mashua? Nyuzi za kioo hunyumbuka karibu mara tatu zaidi ya kaboni, kwa hiyo mzigo utaendelea kukaa kwenye nyuzi zilezile zilizokatika. Anasaga kwa mteremko sentimita kadhaa kila upande wa ufa, au anabandika juu tu? Anayabana vipi matabaka yakiwa yanakauka? Asiye na majibu anauza kiraka.

Kuipeleka Ulaya au Marekani kunavutia, kwa kuwa wako mafundi wenye vipimo vya ultrasauti, na bomba moja mara nyingi hugharimu kati ya dola 200 na 600. Usafiri ndio unaovunja hesabu. Makampuni ya vifurushi hutoza kwa ukubwa: sentimita za ujazo hugawanywa kwa 5,000. Boksi la 110 kwa 70 kwa 20 linahesabiwa kama kilo 31, ingawa fremu yenyewe ina kilo moja na ushee, na utalipa kwenda na kurudi. Ikirudi bila karatasi za forodha zinazoonyesha ilitoka kwa matengenezo, unaweza kudaiwa kodi kama umeagiza kitu kipya, VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania ikiwemo. Kwa fremu ya zamani sioni inavyolipa.

Fremu mpya ya kaboni ina mtego wake. Za zamani za barabarani zina breki za rimu na nafasi ya milimita 130 nyuma. Nyingi za sasa ni za diski, zenye 142. Ukinunua fremu peke yake utajikuta unanunua magurudumu, breki na lever pia. Usitegemee dhamana ya ile ya zamani, kwani makampuni mengi huitoa kwa mnunuzi wa kwanza tu.

Ninayoipendelea kwa mtu wa kawaida ni fremu nzima ya chuma au aluminiamu iliyotumika, yenye milimita 130 zilezile, ambayo itapokea gia na magurudumu ya ile ya zamani. Pima kwanza kipenyo cha bomba la siti. Utaongeza kilo moja au zaidi, na utalala usingizi. Matengenezo ya kaboni nayaunga mkono pale tu ufa uko katikati ya bomba, fundi ameonyesha kazi zake, na bei haizidi nusu ya bei ya baiskeli nzima kama hiyo.

Ukiamua kuiacha, ikate kwa msumeno kabla ya kuitupa. Ikitoka nzima, kuna atakayeipaka rangi na kuiuza kwa kijana asiyejua.