Sekunde Iliyotiwa Saa Tisa za Usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, Bondeni na Mji wa Kale wa Mombasa vikiwa vimelala isipokuwa wale waliokesha kuupokea mwaka, dakika ya mwisho kabla ya kutimu saa tisa ilikuwa na sekunde 61, wala hapana aliyehisi. Nyongeza hiyo, iliyotiwa duniani kote kwa lahadha moja, London wakati huo ikitimiza saa sita za usiku, ilitangazwa na kituo cha Paris kilichokabidhiwa kazi ya kupima mzunguko wa ardhi. Nayo ilikuwa ya 27 tangu utaratibu huo uanze mwaka 1972, na baada yake haijatiwa nyingine.

Haja yake imetokana na kwamba, tangu mwaka 1967, sekunde haikadiriwi tena kwa falaki bali kwa atomu ya sesiamu, ambayo mitetemo yake 9,192,631,770 ndiyo sekunde moja, haizidi wala haipungui. Ilhali ardhi, iliyokuwa saa ya mababu zetu, mwendo wake hubadilika, na dahari kwa dahari huzidi kuwa mzito.

Kinachoizuia, mtu wa Mombasa hukitazama kila siku. Maji yanayojaa na kupwa mbele ya Bandari ya Kale, ambayo siku za bamvua hupanda kiasi cha mita tatu, huvutwa na mwezi, jambo walilolijua manahodha kabla ya kuandikwa vitabuni. Lakini ardhi, kwa kuwa huzunguka upesi kuliko mwezi uendavyo, huyachukua maji yale yakautangulia mwezi, na katika kuvutana huko, na kusuguana kwa maji na sakafu ya bahari, sehemu ya nguvu ya mzunguko hutoweka. Nao mwezi, kwa sababu hiyo hiyo, huzidi kujitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Mjerumani Immanuel Kant aliliwaza jambo hili, la maji kuipunguzia ardhi mwendo, mwaka 1754. Vipimo vya leo vyaonyesha kuwa siku hurefuka kwa karibu sehemu mbili katika elfu za sekunde kila karne.

Hapa wengi hughafilika, wakadhani siku imerefuka sekunde 27 tangu mwaka 1972. Sivyo. Sekunde ya atomu ililinganishwa na siku ya karne ya 19, na siku ya kizazi chetu aghalabu huipita ile kwa chembe tu. Chembe hizo zikilimbikizana, hutimia sekunde nzima. Zikilimbikizana zaidi, huwa saa: Wababeli waliandika katika vibao vya udongo kwamba tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Masihi jua lilipatwa lote juu ya mji wao, na lau ardhi ingalizunguka siku zote kwa kadiri ya leo, giza lile lingalipita magharibi mno, upande wa visiwa vya Uhispania, tofauti ya saa tatu na zaidi. Na mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu michirizi ya ukuaji katika matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, akapata kwamba kiasi cha miaka milioni 380 iliyopita mwaka ulikuwa na siku zipatazo 400. Kuta za Mji wa Kale ni za matumbawe vilevile, ila hayo yetu ni machanga mno kwa hesabu hiyo.

Mwaka 2022 wakuu wa vipimo, walipokutana Ufaransa, waliazimia kwamba ifikapo 2035 saa na jua viachwe viachane zaidi ya sekunde moja, kwani nyongeza hizi huzitatiza kompyuta. Tena miaka ya karibuni ardhi imeharakisha kidogo, hata ikahofiwa kwamba huenda ikabidi sekunde iondolewe. Wako wanaosikitika kwamba saa itaachana na jua, nami sioni sababu. Saa ya Kenya hufuata longitudo ya 45, iliyo mbali mashariki yetu, hivyo jua la Mombasa hufika utosini, kwa wastani, saa sita na dakika 21, na adhana ya adhuhuri hulifuata jua lenyewe. Ile tofauti mpya yaweza kuchukua karne nzima kabla ya kufika dakika moja.