Kilomita 877 kando ya bahari: safari ya baiskeli iliyosaidia wagonjwa wa ukimwi California imefikia mwisho

Tarehe 7 mwezi wa sita mwaka 2025, kundi kubwa la waendesha baiskeli lilifika eneo la Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani. Walikuwa wametoka San Francisco juma moja mbele, na njiani walimaliza kilomita 877, yaani zaidi ya mara nne ya barabara ya Goma hadi Bukavu. Ilikuwa mara ya mwisho kwa safari hiyo iitwayo AIDS/LifeCycle. Pamoja na ile iliyoitangulia, ilikusanya zaidi ya dola milioni 300 za kupambana na ukimwi, ao sida.

Mambo yalianza mwaka 1994. Wakati ule ukimwi ndio uliongoza kuua Wamarekani wenye umri wa miaka 25 hadi 44, na madawa ya mchanganyiko yanayotuliza virusi yalikuwa hayajafika. Watu 478 walipanda baiskeli, kila mmoja akiwa amewaomba ndugu, marafiki na wenzake wa kazi wamchangie feza. Wengi wao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa watu waliozika mpenzi, kaka ao rafiki.

Kijiji kinachohama kila siku

Kwa miaka mingi, anayetaka kushiriki alipaswa kuleta angalau dola 3,000 za michango. Baada ya hapo, kazi yake ilikuwa kukanyaga pedali tu. Mizigo na mahema yalitangulia ndani ya malori. Mamia ya watu wa kujitolea walipika, waliongoza magari kwenye makutano ya barabara, walitengeneza tairi zilizotoboka na kugawa maji. Waganga na wauguzi walikuwepo. Kila baada ya kilomita 25 ao 30 kulikuwa na kituo cha kupumzika na kula. Aliyechoka ao kuumia alipandishwa gari mpaka kambini, bila mtu kumcheka.

Jioni, uwanja mtupu uligeuka kijiji chenye mahema, mabafu na jiko la kulisha zaidi ya watu 2,000. Asubuhi kila kitu kilifungwa na kupelekwa mbele.

Siku ya kwanza njia ilifuata Bahari ya Pasifiki mpaka Santa Cruz, upande mmoja maji, upande mwingine mashamba na vilima. Kisha iliacha bahari, kwa sababu pwani ya Big Sur ina barabara nyembamba ya milimani ambayo maporomoko ya udongo huifunga mara kwa mara. Wasafiri walipita bonde la Salinas, penye mashamba makubwa ya mboga, hadi King City na Paso Robles. Katika kijiji kidogo cha Bradley, wazazi waliwauzia nyama ya kuchoma ili watoto wa shule yao wapate feza za masomo ya nje. Siku ya nne waliiona bahari tena.

Siku ya tano, kati ya Santa Maria na Lompoc, wengi walivaa nguo nyekundu, wanaume kwa wanawake. Wazo la mwanzo lilikuwa kwamba mstari wao juu ya vilima uonekane kama ule utepe mwekundu wa ukimwi. Usiku wa sita, huko Ventura, walishuka ufukweni na mishumaa, wakanyamaza na kuwakumbuka marehemu.

Feza zinaenda wapi?

Swali hilo liliisumbua safari toka zamani. Safari za kwanza ziliandaliwa na kampuni ya biashara ya Dan Pallotta. Mashirika mawili yaliyopokea feza, San Francisco AIDS Foundation na kituo ambacho leo kinaitwa Los Angeles LGBT Center, yaliona gharama zimepanda mno. Mwaka 2002 yaliachana na kampuni hiyo na kuanzisha AIDS/LifeCycle. Feza hizo zililipia vipimo, matibabu, madawa ya kujikinga na ushauri kwa watu wasio na uwezo.

Miaka ya 2020 na 2021, Covid-19 ilizuia safari. Iliporudi mwaka 2022, washiriki walikuwa wamepungua huku bei ya chakula, malori na kambi ikipanda. Malori na jiko vinahitajika hata kama waendeshaji ni wachache, kwa hiyo kila mwaka sehemu iliyobaki kwa wagonjwa ilipungua. Mwaka 2024 mashirika hayo yakatangaza kwamba safari ya 2025 itakuwa ya mwisho, na kila moja litafute njia yake.

Habari hii inatugusa pia hapa Kongo. Mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa inchi za nje. Katika Haut-Katanga, Lualaba na Kinshasa, matibabu ya ukimwi yamekuwa yakitegemea sana PEPFAR, mpango wa feza za Marekani. Tembe hizo humezwa kila siku, maisha yote, na mgonjwa akizikatisha, virusi huongezeka tena mwilini.

Waendesha baiskeli wa California walijua jambo hilo. Feza yao ilitoka kwa mamia ya maelfu ya watu waliotoa kidogo kidogo: jirani dola 20, mwalimu dola 50, shangazi dola 100. Mchango wa namna hiyo haungoji sahihi ya mkubwa yeyote. Lakini unahitaji mtu wa kuzunguka kuuomba, na mwaka unaofuata azunguke tena.