Kamera Haijui Rangi ya Gari Lako

Je, wajua kwamba gari jeupe pe na gari jeusi ti, yakipigwa picha na kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe, yanaweza kutoka yote mawili yakiwa ya kijivu? Yaegeshe chini ya mwanga uleule, sogea mpaka ubavu wa gari ujaze fremu nzima, kisha bonyeza. Jeupe litafubaa, jeusi litapauka. Kamera haijaharibika, imefanya kazi kama ilivyoundwa.

Kila kamera ya dijitali, hata ya simu, ina kipima mwanga. Kazi yake ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, lakini hakiwezi kujua kama mwanga huo ni mwingi kwa sababu jua ni kali au kwa sababu kitu chenyewe ni cheupe. Basi hushika kanuni moja: mandhari ya kawaida, weusi na weupe wake ukichanganywa, ni kijivu cha kati. Wapiga picha huuwakilisha ukijivu huo kwa kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Rangi nyeupe ya gari hurudisha mara nne ya hapo au zaidi, kwa hiyo kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Mbele ya gari jeusi hufanya kinyume chake. Kamera za kisasa hutambua sura za watu na anga, na hivyo makosa yake hupungua, ila hayaishi.

Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kila hatua nzima huongeza mwanga mara mbili au huupunguza nusu. Kwa gari jeupe linalojaza fremu, anza na hatua moja ya kujumlisha. Kwa jeusi, hatua moja ya kutoa. Kwenye simu nyingi unagusa gari juu ya skrini, kisha unaburuta alama ya jua juu au chini. Wazo la kwamba ni mpiga picha, wala si chombo, anayeamua weupe uwe mweupe kiasi gani si geni. Wapiga picha Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walilipangia utaratibu kamili huko Los Angeles yapata mwaka 1940, wakigawa safari ya kutoka weusi hadi weupe katika ngazi 11.

Ngozi inayoakisi

Gari lina tatizo jingine ambalo nyumba au mti hauna. Juu ya rangi yake kuna tabaka angavu lisilo na rangi, jembamba kuliko unywele, na tabaka hilo huakisi kila kilicho mbele yake. Boneti hubeba anga, mlango hubeba ukuta wa jirani, bampa hubeba miguu yako mwenyewe. Ukilipiga gari jeupe kwenye barabara ya udongo mwekundu, sehemu za chini za milango zitakuwa na wekundu ambao hautoki kwa kuoshwa, maana ni mwanga wa barabara. Ukiliweka kivulini mchana usio na mawingu, litageuka kuwa na ubuluu, kwa kuwa taa inayolimulika sasa ni anga. Kabla ya kugusa kitufe chochote, lizunguke gari uone linaakisi nini. Kulisogeza mita mbili kunaweza kuondoa nguzo ya umeme mlangoni ambayo programu yoyote ya kuhariri ingekusumbua kuifuta.

Uakisi usioepukika una dawa ya zamani. Mwaka 1808 mwanafizikia Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama, kupitia kipande cha fuwele, jua la jioni likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg jijini Paris. Alipoizungusha fuwele, mng'ao ulififia na kurudi. Sababu ni kwamba mwanga ulioakisiwa huweza kutikisika katika uelekeo mmoja zaidi ya mwingine. Miaka saba baadaye Mskoti David Brewster alionyesha pembe ambayo jambo hilo hufikia kilele. Filta ya polaraiza inayofungwa mbele ya lenzi hutumia siri hiyohiyo. Kwa vioo na rangi ya gari, simama mahali ambapo mstari wa macho yako unakutana na bati kwa pembe ya nyuzi 34 hivi, kisha izungushe filta. Mng'ao wa anga hutoweka na rangi halisi hujitokeza.

Filta hiyo ina gharama zake. Hula mwanga hatua moja hadi mbili. Haiondoi mng'ao wa kromu, kwa kuwa chuma tupu huakisi mwanga kwa namna nyingine. Na usishangae ukiona madoa yenye mpangilio kwenye vioo vya pembeni na cha nyuma. Kwa kawaida vioo hivyo huimarishwa kwa moto na kupoozwa ghafla, na mkazo uliobaki ndani yake hujianika mbele ya filta. Kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, kwa kawaida hakina madoa hayo.

Saa za jua la Ikweta

Saa sita mchana Nairobi, Kampala au Mombasa, jua liko karibu na utosi. Paa na boneti huungua kwa mwanga, ubavu huzama gizani, na tofauti hiyo huweza kuzidi uwezo wa kamera. Jioni hali hugeuka, ila fursa ni fupi. Karibu na Ikweta jua huteremka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo kutoka nyuzi 10 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 40 tu. London mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua zaidi ya saa nzima. Mpiga picha wa kwetu hana budi kufika mapema, gari likiwa limeshaoshwa na kuegeshwa. Jua likishazama, anga lote hugeuka taa moja pana na laini kwa dakika 20 hivi. Hapo miguu mitatu ya kamera huhitajika, kwa kuwa shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, itakaa wazi kwa muda mrefu.

Gari likiwa mwendoni, muda wa shata huamua pia kama litaonekana linakwenda. Tairi lenye mzingo wa mita mbili, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara nane kila sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde huzunguka nyuzi 3 tu, na gari huonekana limeegeshwa katikati ya barabara. Kwa sehemu moja ya 60, huzunguka nyuzi 50 na rimu hupata mwendo. Ndiyo maana wapiga picha wa mashindano ya magari ya Safari Rally kule Naivasha hulifuata gari kwa kamera, wakizungusha kiuno huku shata ikifanya kazi polepole.

Kibaba kikijaa

Haba na haba hujaza kibaba, na kila kitone cha kihisi cha kamera ni kibaba cha mwanga. Kikijaa, kinachoongezeka humwagika na hakirudi. Sehemu hiyo ya picha hubaki nyeupe tupu, na hakuna uhariri utakaoirudishia mikunjo ya bati. Kwa hiyo tazama histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, kabla hujaondoka: ikiwa imegandamana na ukuta wa kulia, kuna vibaba vilivyofurika. Gari jekundu hudanganya zaidi. Histogramu ya mwanga wote yaweza kuonekana salama ilhali vibaba vya wekundu vimejaa zamani, na mlango ukawa bapa usio na umbo. Kama kamera yako huonyesha rangi tatu mojamoja, itazame nyekundu peke yake.

Piga katika faili ghafi (RAW) ukiweza. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 huwa na ngazi 16,384. Tofauti hiyo huonekana unapoinua vivuli vya chini ya gari au kurekebisha ubuluu wa kivulini.

Katika kuhariri, fuata mpangilio. Anza na mizani ya weupe, kisha mwangaza wa picha nzima, kisha punguza sehemu kali na inua vivuli kidogo, mwisho kabisa gusa sehemu mojamoja. Makosa ya wanaojifunza hufanana: vivuli huinuliwa mpaka tairi likawa la kijivu, ukali huzidishwa mpaka paa likazungukwa na utando mweupe, rangi hukolezwa mpaka bati likaonekana plastiki. Kabla ya kuhifadhi, tazama tairi. Likiwa bado jeusi, na chembe zake zikisomeka, uko salama.

Wabunifu wa magari wamelijua suala la uakisi kwa muda mrefu. Huchonga gari la udongo maalumu wa kuchongea, kisha hulivisha filamu nyembamba inayong'aa, wakaangalia jinsi mstari wa mwanga unavyotiririka kutoka taa za mbele hadi buti. Ukikatika au kuyumba, hurudi kuchonga. Mstari huo ndio umbo walilotaka ulione. Ukipima mwangaza, uupimie huo. Ukihariri, uulinde huo. Picha ambayo mstari huo haukukatika popote itasamehewa mengine mengi.